Rekoda ya Stima: Namna ya Kuiunganisha Bila ya Kuumiza Mtu

Mfugaji hodari hujua kwamba ng'ombe akikataa kula, haifai kumlaumu mchungaji kwanza. Mnyama hupimwa joto, huangaliwa kinywa na kwato, kisha ndipo dawa hutolewa. Stima nayo ni vivyo hivyo. Mota ya pampu ikiungua mara mbili kwa mwaka mmoja, au mtambo wa kupoza maziwa ukizimika kila jioni, watu huanza kulaumiana. Kamati humlaumu mtunza mtambo, mtunza mtambo humlaumu fundi, fundi huilaumu kampuni ya stima, na kampuni husema kwamba mota ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Wakati huo maziwa yanaharibika, na wanachama wananunua mota ya pili bila ya kujua ni kitu gani kilichoiua ile ya kwanza.

Kuna chombo cha kumaliza ubishi huo. Chombo hicho ni rekoda ya stima. Hukaa penye sanduku la swichi kwa siku kadhaa, mchana na usiku, kikiandika hali ya stima bila ya kuchoka na bila ya kumpendelea mtu. Lakini kukiunganisha ni kazi yenye hatari kubwa, kwa sababu huunganishwa pale ambapo stima ina nguvu nyingi kuliko pahali pengine popote katika shamba au kiwanda chako. Makala haya yataeleza chombo chenyewe, nani anaruhusiwa kukiunganisha, na mambo ambayo wewe mwenye mtambo au mwanakamati yakupasa kuyaangalia, hata kama hutashika waya kwa mkono wako.

Rekoda ni kitu gani?

Rekoda ni kisanduku ambacho mtu mmoja anaweza kukibeba. Kina nyaya za namna mbili. Za kwanza ni nyaya nyembamba zenye vibanio mwishoni, nazo hupima volti, yaani msukumo wa stima. Za pili zina pete zinazofunguka na kufungwa. Pete huzungushwa nje ya waya mkubwa bila ya kuukata wala kuuchubua, nazo hupima ampea, yaani wingi wa stima inayopita.

Katika Kenya, stima ya nyumba ya kawaida ni ya volti 240. Mitambo mikubwa, kama ile ya kumenya kahawa, kupoza maziwa au kupiga maji ya kisima kirefu, hutumia stima ya nyaya tatu, ambazo mafundi huziita fezi. Kati ya fezi moja na nyingine kuna volti 415. Kati ya fezi na waya wa nyutro kuna volti 240. Mota ya namna hii huvutwa na fezi zote tatu pamoja, kama jembe linalokokotwa na ng'ombe watatu. Mmoja akilegea, wawili waliobaki huumia. Mmoja akianguka kabisa, mota hunguruma, hupata joto, na huweza kuungua baada ya dakika chache kama haina kinga ya kuizima.

Rekoda huandika volti za kila fezi, ampea za kila fezi, saa na dakika stima iliposhuka, ilipopanda, ilipokatika na iliporudi. Fundi akikuletea kipimo cha kawaida cha mkono, ataona hali ya stima ya dakika ile tu. Yeye yuko hapo saa nne asubuhi, na matatizo hutokea saa mbili usiku watu wote wanapowasha taa na majiko. Ndiyo sababu mahandisi hupenda rekoda ikae wiki nzima. Hata kanuni ya Ulaya iitwayo EN 50160 hupima volti kwa muda wa wiki moja, kwa wastani wa kila dakika 10.

Kwa nini kazi hii ni ya hatari?

Watu wengi wamewahi kupigwa na stima kidogo penye soketi wakapona, wakadhani kwamba wameizoea. Mawazo hayo yameua watu. Tena penye swichi kubwa hatari ni mbili.

Hatari ya kwanza ni kupigwa na stima. Stima ikipita kifuani huweza kuuvuruga moyo ukaacha kupiga sawasawa.

Hatari ya pili haijulikani sana na wakulima. Kibanio kikiteleza kikagusa fezi mbili kwa pamoja, au bisibisi ikianguka kati yake, hutokea mwako mkubwa wa ghafla. Joto lake ni la maelfu ya digrii. Shaba huyeyuka na kurushwa usoni, na nguo huwaka. Penye soketi ya nyumba, swichi ndogo ya kinga hukata upesi. Lakini penye swichi kubwa, kinga iliyo nyuma yako ni fyuzi kubwa za kwenye nguzo au transfoma, nazo huweza kuchelewa kidogo. Kuchelewa huko kunatosha kumpofusha mtu. Kwa hiyo mtu asiseme, "Mimi sitagusa waya, nitabana kibanio tu."

Nani aiunganishe?

Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni. Katika Kenya leseni za mafundi wa stima hutolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, yaani EPRA, kwa mujibu wa Sheria ya Kawi ya mwaka 2019. Leseni zina madaraja. Fundi anayeruhusiwa kuweka nyaya za nyumba ndogo hakuruhusiwa kwa sababu hiyo kufanya kazi ya mtambo wa fezi tatu. Mwombe akuonyeshe leseni yake, usome daraja lake na tarehe yake ya kwisha. Fundi mwema hakasiriki akiulizwa leseni.

Jambo la pili, mita na mihuri yake ni mali ya kampuni ya stima. Wewe wala fundi wako hamna ruhusa ya kukata muhuri au kufungua kifuniko cha mita. Rekoda yako iunganishwe baada ya mita, upande wako. Ikiwa lazima kupima kabla ya mita, au penye transfoma, andika barua kwa Kenya Power waje kupima wenyewe.

Jambo la tatu, fundi asifanye kazi hii peke yake. Awepo mtu wa pili anayejua swichi ya kuzimia iko wapi, na anayejua kumsaidia mtu aliyepigwa na stima. Mtu huyo asimame kando, asishike kitu.

Angalia vyombo kabla ya kuanza

Kila rekoda nzuri imeandikwa alama ya daraja la usalama: CAT II, CAT III au CAT IV, pamoja na idadi ya volti. CAT II ni ya vyombo vinavyochomekwa penye soketi. CAT III ni ya masanduku ya kugawa stima na nyaya za mota zilizofungwa ndani ya jengo. CAT IV ni ya pale stima inapoingia kutoka kwenye nguzo, karibu na mita na swichi kubwa ya kwanza. Kwa stima yetu ya volti 415, rekoda iliyoandikwa CAT IV 600 V yafaa pahali pote katika kiwanda cha wakulima. Iliyoandikwa CAT II isipelekwe penye swichi kubwa hata kidogo.

Usitazame kisanduku peke yake. Alama hiyo iwe pia kwenye nyaya, vibanio na pete. Chombo cha CAT IV kilichofungwa nyaya dhaifu zilizonunuliwa sokoni ni dhaifu kama nyaya hizo. Nyaya zenye fyuzi ndani yake, karibu na kibanio, ni bora. Waya uliochubuka, uliokatwa na panya, au uliofungwa kwa utepe, utupwe.

Fundi avae nguo za pamba zenye mikono mirefu, si nailoni inayoyeyuka mwilini. Avae viatu vikavu, glavu za mpira zilizotengenezwa kwa kazi ya stima, na kinga ya uso. Glavu za kuoshea ng'ombe hazifai. Aondoe pete ya kidole, saa na bangili. Sakafu iwe kavu. Katika chumba cha maziwa sakafu huoshwa kila mara, basi siku hiyo kazi ya kuosha ingoje, na mkeka wa mpira utandikwe mbele ya sanduku.

Hatari ya rangi za nyaya

Soma sehemu hii mara mbili. Katika majengo ya zamani, fezi tatu zilikuwa za rangi nyekundu, manjano na buluu. Nyutro ilikuwa nyeusi. Na waya wa ardhi ulikuwa wa kijani. Katika utaratibu mpya fezi ni za rangi ya kahawia, nyeusi na kijivu. Nyutro ni buluu. Na waya wa ardhi ni kijani na manjano.

Umeona hatari yake? Waya wa buluu ulikuwa fezi zamani, na sasa ni nyutro. Waya mweusi ulikuwa nyutro zamani, na sasa ni fezi. Kiwanda kilichojengwa miaka mingi iliyopita na kuongezwa jengo jipya huweza kuwa na rangi zote mbili ndani ya sanduku moja. Basi rangi isiaminiwe. Kipimo ndicho kitakachosema waya upi ni upi.

Hatua za kazi

Njia iliyo salama ni kuunganisha rekoda wakati stima imezimwa. Wako mahandisi wenye mafunzo na mavazi maalumu wanaofanya kazi hii stima ikiwaka, mahali ambapo haiwezekani kuzima, kama hospitalini. Mkulima hana haja hiyo. Tangi la maziwa lililopozwa mpaka digrii 4 na kufunikwa vizuri halitaharibika kwa kuzimwa muda mfupi. Pampu inaweza kungoja. Kahawa inaweza kumenywa baadaye siku ile ile. Basi chagueni saa ambayo kazi ni ndogo, mkawaambie watu wote mapema.

1. Zimeni mota moja moja, kisha swichi kubwa. Msizime swichi kubwa mota zikiwa zinazunguka.

2. Kama mna jenereta au mtambo wa jua, nao uzimwe na ufungwe. Stima ya kampuni ikikatika, jenereta nyingine huwaka zenyewe, zikarudisha stima katika nyaya ambazo fundi anadhani zimekufa.

3. Swichi ifungwe kwa kufuli. Ufunguo ukae mfukoni mwa fundi, si mezani kwa karani. Kibandikwe kibao: "USIWASHE. WATU WANAFANYA KAZI."

4. Kama kuna makopo ya kapasita ya kurekebisha nguvu ya stima, yangojewe yamalize kutoa stima iliyobaki ndani yake. Muda huandikwa juu ya kopo. Mara nyingi ni dakika 5. Usikate muda huo.

5. Hakikisheni kwamba stima imekufa kweli. Fundi ajaribu kipimo chake kwanza pahali penye stima aone kinafanya kazi. Kisha apime nyaya zilizozimwa: fezi kwa fezi, kila fezi kwa nyutro, kila fezi kwa ardhi, na nyutro kwa ardhi. Hivyo ni vipimo 10. Kisha arudi kukijaribu kipimo tena penye stima. Kipimo kikifa katikati ya kazi, kitasema "hakuna stima" hata kama ipo. Ndiyo sababu ya kukijaribu mara mbili.

6. Kumbukeni kwamba swichi kubwa ikizimwa, nyaya zinazoingia upande wa kampuni bado zina stima. Hazizimwi na swichi yenu. Kifuniko cha upande huo kisifunguliwe. Rekoda iunganishwe upande wa kutoka, wa kwenda kwenye mota.

7. Nyaya za volti zichomekwe katika rekoda kwanza, ndipo zibanwe penye sanduku. Mtu akianza kwa kubana, ile ncha nyingine iliyo mkononi mwake huweza kuwa na stima. Huanzwa kwa ardhi, kisha nyutro, kisha fezi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kila kibanio kivutwe kidogo kuona kama kimeshika.

8. Pete za ampea zizungushwe, pete moja kwa waya mmoja. Mshale ulio juu ya pete uelekee kwenye mota. Pete ya fezi ya kwanza iwe kwenye waya ule ule wa kibanio cha fezi ya kwanza, na hivyo hivyo kwa nyingine. Mdomo wa pete ufungwe kabisa. Ukibaki wazi kidogo, hesabu itakuwa ya uwongo.

9. Katika viwanda vikubwa huenda mkakuta transfoma ndogo za ampea zilizofungwa humo humo kwa ajili ya mita. Nyaya zake zisifunguliwe hata kidogo mtambo ukiwa unafanya kazi. Zikiachwa wazi huzaa volti nyingi za kuweza kuua. Zenye muhuri wa kampuni zisiguswe kabisa.

10. Rekoda yenyewe ipate chakula chake kutoka soketi iliyo karibu, na iwekwe juu ya rafu kavu, si sakafuni. Nyaya zisibanwe na mlango wa sanduku. Kama mlango haufungiki, chumba chote kifungwe kwa kufuli kwa wiki ile, watoto wasiingie, wala mtu asipite na ndoo ya maji.

11. Hesabuni vyombo vya kazi. Kama mlileta bisibisi tatu, ziwe tatu mkononi kabla ya kufunga kifuniko. Kisha fundi aondoe kufuli, asimame kando ya sanduku, si mbele yake, ageuze uso, ndipo awashe swichi. Mota ziwashwe moja moja.

12. Tazameni kioo cha rekoda. Kila fezi kwa nyutro iwe karibu na volti 240, na fezi kwa fezi karibu na 415. Ikiwa fezi moja inaonyesha nguvu yenye alama ya kutoa, pete yake imegeuzwa au imewekwa kwenye waya usio wake. Msiingize mkono kuirekebisha. Zimeni tena, fungeni kufuli tena, pimeni tena. Haraka haraka haina baraka.

Wiki ikiisha, kazi ya kuondoa rekoda ni ya hatari sawa na ya kuiweka. Hatua zote zirudiwe: kuzima, kufunga kufuli, kupima. Pete hutolewa, kisha vibanio vya fezi, kisha nyutro, na ardhi mwisho. Baada ya hapo ndipo nyaya huchomolewa katika rekoda. Mafundi wengine huwa waangalifu siku ya kwanza, na siku ya mwisho huvuta nyaya ovyo kwa sababu wanataka kwenda nyumbani. Wewe mwenye mtambo usiwakubalie.

Kazi yako ni daftari

Rekoda haijui ni nani aliyewasha nini. Mpe mtunza mtambo daftari na saa. Aandike saa ya kuwasha na kuzima kila mota, saa taa zilipofifia, saa mvua na radi zilipoanza, na saa jirani mwenye kinu cha kusaga alipoanza kazi. Daftari hilo likilinganishwa na maandishi ya rekoda, mambo mengi huwa wazi. Bila ya daftari, nusu ya faida ya rekoda imepotea.

Rekoda itakuambia nini?

Kwanza, itakuonyesha kama fezi zako ziko sawa. Tuseme imeandika volti 415, 405 na 380. Jumlisha upate 1,200, gawa kwa 3 upate wastani wa 400. Fezi iliyo mbali kabisa na wastani ni ile ya 380. Tofauti yake ni 20. Gawa 20 kwa 400, uzidishe kwa 100, utapata 5 kwa mia. Hiyo ni nyingi mno. Kwa kawaida tofauti ikizidi 1 kwa mia, mota yapasa kupunguziwa mzigo, na ikizidi 5 isitumiwe kabisa. Penye 5 kwa mia, mota ya nguvu za farasi 10 haifai kubebeshwa zaidi ya kiasi cha robo tatu ya mzigo wake. Ukiendelea kuibebesha yote, itakufa mapema, na fundi wa kuisuka nyaya upya hatakuwa na kosa.

Tofauti hiyo huweza kutoka nje, na huweza kutoka kwako mwenyewe, kwa kuwa taa, majiko na soketi zote zimetundikwa kwenye fezi moja. Kama ni kwako, dawa yake ni kugawanya mizigo hiyo kwa fezi zote tatu. Kazi hiyo haihitaji mota mpya.

Pili, itakuonyesha asili ya kushuka kwa volti. Tazama volti na ampea kwa pamoja. Ikiwa volti zilishuka wakati ule ule ampea zako zilipopanda ghafla, sababu iko ndani: mota yako ilipoanza iliielemea stima. Mota ikiwashwa moja kwa moja huvuta ampea mara 6 mpaka 8 ya zile za kawaida. Ikiwa volti zilishuka hali ampea zako zilikuwa zimetulia, au mota zako zilikuwa zimezimwa, sababu iko nje.

Tatu, itakufunulia ubaya wa waya mrefu na mwembamba. Tuseme pampu iko mita 150 kutoka penye swichi, na inavuta ampea 10 kwa kila fezi. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba utapoteza njiani kiasi cha volti 22. Waya wa milimita 6 za mraba utapoteza kiasi cha volti 10 tu. Mwenye kununua waya mwembamba ili kuokoa fedha hulipa baadaye kwa kununua mota. Pima volti penye swichi na penye pampu. Tofauti ndiyo iliyomezwa na waya wako.

Nne, kama kosa liko nje, umepata ushahidi. Barua isemayo "stima yenu ni mbaya" haina nguvu. Barua isemayo tarehe fulani, kuanzia saa moja na nusu mpaka saa tatu usiku, fezi ya tatu ilishuka mpaka volti fulani, pamoja na karatasi za rekoda na jina la fundi mwenye leseni, itasomwa. Pelekeni nakala kwa Kenya Power, na msiporidhika na majibu, pelekeni shauri lenu kwa EPRA.

Mtu akipigwa na stima

Usimshike. Zima stima kwanza. Kama huwezi kuizima, msukume atoke kwa ubao mkavu, nawe usimame juu ya kitu kikavu. Ikiwa ni waya wa nguzo ulioanguka, kaa mbali na wazuie wengine mpaka kampuni ikate stima; ubao hautakuokoa. Akiwa hapumui, mweke chali, mkandamize katikati ya kifua kwa nguvu na kwa upesi, mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Kama umefundishwa, mpulizie pumzi 2 baada ya kila kukandamiza mara 30. Mwingine atafute gari. Hata akizinduka na kusema ni mzima, apelekwe hospitalini, kwani moyo huweza kuharibika baadaye.

Maswali na majibu

Swali: Mimi nina stima ya fezi moja tu na mashine ndogo ya kukata majani. Je, rekoda yanihusu?
Jibu: Yakuhusu kama taa hufifia au mashine hupata joto. Ziko rekoda ndogo za kuchomekwa katika soketi, ambazo huandika volti bila ya kufungua sanduku lolote. Anza na hiyo. Hatari yake ni ndogo zaidi.

Swali: Chama chetu hakina fedha za kununua rekoda. Tufanyeje?
Jibu: Si lazima kununua. Mwaweza kumwajiri mhandisi mwenye rekoda yake kwa wiki moja, au vyama viwili vitatu vya jirani vikashirikiana. Linganisheni gharama hiyo na bei ya mota moja na maziwa ya siku moja yaliyomwagwa.

Swali: Fundi wetu asema kuzima stima ni kupoteza wakati, na kwamba yeye amezoea. Tumjibu nini?
Jibu: Mwambieni kwamba chama hakikumwajiri kwa ajili ya ushujaa wake. Asipokubali kuzima, kufunga kufuli na kupima, mtafute mwingine.

Swali: Je, rekoda itaikinga mota yetu?
Jibu: La. Rekoda ni kipimo tu, kama kipimajoto cha daktari wa mifugo. Kinga ya mota ni chombo kingine, kinachoizima fezi ikipotea au volti zikishuka mno. Kila mota ya fezi tatu yapasa kuwa nacho. Wekeni kinga hiyo hata kabla ya kutafuta rekoda.

Basi, wakulima na wanakamati, msinunue mota ya pili kabla ya kujua ugonjwa wa ile ya kwanza. Pimeni, lakini pimeni kwa usalama: leseni, kufuli, kipimo kilichojaribiwa mara mbili, na mtu wa pili kando. Mota iliyoungua huweza kusukwa nyaya upya. Fundi aliyeungua huacha watoto.